Kiwavi Mgeni wa Muhindi: Mimea Inayomlisha

SOMO KWA WAKULIMA NA KWA WATOTO WA SHULE

1. Kila kiwavi ana chungu chake

Wakulima, ninyi watu wa Kongo mmewajua viwavi tangu utoto, kwa maana katika inchi nyingi za Kongo viwavi ni chakula kizuri. Mama anayekwenda porini kuokota viwavi hapotezi siku kwa kutazama kila mti. Anajua mti unaolisha viwavi hawa, na mti mwingine unaolisha viwavi wale. Akipita chini ya mti usio wao, hainui kichwa. Akifika chini ya mti wao, anasimama.

Elimu hii ya mama ni elimu ya kweli. Maana yake ni hii: kila kiwavi ana mimea yake anayokula, na mimea mingine hawezi kuishi juu yake hata akiona njaa. Kuna kiwavi mwenye mti mmoja tu. Ukimwondoa pale anakufa. Kuna kiwavi mwenye jamaa moja ya mimea. Tena kuna kiwavi anayekula mimea ya jamaa nyingi, kama msafiri anayepata chakula katika kila nyumba ya mji.

Mmea unaomlisha kiwavi tutauita mwenyeji wake. Mkulima anayejua wenyeji wa kiwavi anajua mahali pa kumtafuta. Anajua shamba lipi lina hatari, na shamba lipi halina. Mkulima asiyejua anapiga dawa mahali pasipo na kiwavi, anachoma pori bure, na muhindi wake unaliwa. Mwisho wake ni nyumba isiyo na bukari.

Katika somo hili tutajifunza wenyeji wa kiwavi mmoja tu, yule aliyekuja katika mashamba yetu juzi juzi. Tutamwita kiwavi mgeni. Wenye elimu wanamwita Spodoptera frugiperda.

2. Kiwavi huyu alitoka wapi

Inchi yake ya kwanza ni Amerika, katika sehemu za joto. Huko wakulima wanapigana naye tangu zamani sana. Katika Afrika hakujulikana. Mwaka wa 2016 alionekana mara ya kwanza upande wa magharibi, katika Benin, Nigeria, Togo na kisiwa cha São Tomé. Katika mwaka wa 2017 alikuwa amekwisha kujulikana katika Kongo pia. Mwaka wa 2018 alikuwa amefika katika inchi zaidi ya 40 za Afrika, tena akavuka mpaka Uhindi. Mwaka wa 2020 alifika Australia.

Namna gani aliweza kwenda upesi hivi? Kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni mabawa. Mama yake ni kipepeo cha usiku, rangi ya majivu, na kwa msaada wa upepo anaweza kuruka kadiri ya kilometa 100 katika usiku mmoja. Sababu ya pili ni chakula. Kila mahali aliposhuka alikuta mwenyeji wa kumpokea. Kama angekuwa na mti mmoja tu wa Amerika, angefika Afrika na kufa kwa njaa. Lakini alikuta muhindi, na muhindi vile vile ulitoka Amerika zamani. Ni kama mtu anayefika mji wa mbali na kumkuta ndugu yake.

3. Jinsi ya kumtambua

Usimwite kila kiwavi kwa jina hili. Mchukue mkononi, umtazame vema.

Kwanza, tazama kichwa. Kwenye uso wake kuna alama nyeupe-nyeupe kama njia panda: mistari miwili inashuka huku na huku kutoka mstari mmoja wa juu.

Pili, tazama mgongo karibu na mkia. Pale kuna madoa manne meusi, yamepangwa kama miguu minne ya kiti. Alama hii ndiyo ya kumtambulisha hasa.

Tatu, tazama muhindi wenyewe. Kiwavi mdogo anakwangua jani upande mmoja, anaacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga kama kioo. Kiwavi mkubwa anaingia katika moyo wa muhindi, pale majani mapya yanapotoka yangali yamejikunja. Jani likifunguka, linaonyesha matundu yaliyopangwa mstari. Na mavi yake yanajaa katika moyo kama unga wa mbao chini ya msumeno.

4. Maisha yake, siku kwa siku

Kipepeo jike hutaga mayai usiku. Anayaweka pamoja katika fungu la mayai 100 mpaka 200, na kuyafunika kwa manyoya ya mwili wake, hata fungu linaonekana kama ukungu. Katika maisha yake anaweza kutaga mayai kadiri ya 1,500, na pengine 2,000.

Katika joto mayai yanapasuka baada ya siku 2 au 3. Vitoto vinatoka, vinakula kidogo, kisha vinatoa uzi mwembamba kama wa buibui, na upepo unavichukua mpaka muhindi wa jirani. Kwa hiyo fungu moja la mayai linaharibu muhindi mwingi.

Kiwavi anakula kwa muda wa siku 14 mpaka 22 wakati wa joto. Anabadili ngozi mara nyingi. Vipindi vyake ni sita. Angalieni neno hili: katika vipindi vya kwanza anakula kidogo sana. Sehemu kubwa ya chakula chake chote anakila katika vipindi viwili vya mwisho. Mkulima anayengoja mpaka kiwavi awe mnene kama kalamu amekwisha kumlisha.

Baadaye anashuka, anaingia katika udongo kiasi cha vidole viwili au vitatu, anageuka kitu kigumu chenye rangi nyekundu-nyeusi, na kulala. Baada ya siku 8 au 9 za joto anatoka kipepeo. Mzunguko wote ni kadiri ya siku 30. Wakati wa baridi, kama mwezi wa sita na wa saba katika Katanga, mambo haya yanakwenda polepole, na mzunguko unaweza kupita siku 60. Lakini hausimami.

5. Wenyeji wake ni wangapi?

Mwaka wa 2018 wenye elimu walikusanya habari zote zilizoandikwa juu ya chakula cha kiwavi huyu. Walihesabu namna 353 za mimea, za jamaa 76. Katika hizo, namna 106 ni za jamaa ya nyasi, na muhindi ni wa jamaa hiyo. Namna 31 ni za jamaa ya maharagi na karanga. Namna 31 nyingine ni za jamaa ya alizeti.

Mkulima akisikia hesabu hii ataogopa na kusema: «Basi kila kitu kitaliwa.» Sivyo. Jina kuandikwa katika hesabu si sawa na shamba kuharibika. Hata mtu anaweza kula vitu vingi wakati wa njaa, lakini kila siku anatafuta bukari. Kwa hiyo tugawanye wenyeji hawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza: wenyeji anaowapenda. Wa kwanza ni muhindi. Katika Afrika, mahali anapoonekana zaidi ni katika muhindi. Baada ya muhindi ni mtama. Kipepeo jike akiwa na muhindi mchanga mbele yake, anautafuta huo.

Fungu la pili: wenyeji wa njaa. Hawa wanaweza kumlisha, lakini si kila mara wanaharibika. Ni mpunga, ulezi, miwa, na nyasi nyingi za shambani na za kando ya maji. Ni karanga, maharagi, soya, pamba, viazi vitamu, nyanya, kabichi, alizeti. Hata lengalenga imo. Kiwavi anawaingia zaidi wakati muhindi haupo, au wakati muhindi umekwisha kuliwa na viwavi wakubwa wanatembea kutafuta chakula kingine.

Fungu la tatu: mahali pa kutagia tu. Wakati mwingine kipepeo anaweka mayai juu ya kitu kisichofaa kuliwa: juu ya jani baya, au hata juu ya ukuta. Vitoto vikitoka pale vinakufa, kama upepo hauvichukui mpaka mahali pazuri. Basi ukiona mayai juu ya mmea, usiseme mara moja kama mmea huo ni mwenyeji. Tazama baada ya siku tano. Je, viwavi wamekua? Je, majani yameliwa? Kama hakuna, yule si mwenyeji.

Na muhogo? Muhogo si chakula anachokitafuta, na haupati hasara kama muhindi. Kwa hiyo nyumba yenye shamba la muhogo pamoja na shamba la muhindi haiwezi kukosa chakula kabisa kwa ajili ya kiwavi huyu. Wazee waliopanda vyote viwili walifanya vema.

6. Usimchanganye na viwavi wengine

Wako viwavi watatu wengine ambao wakulima wanawachanganya na huyu. Kila mmoja ana wenyeji wake, na kwa hiyo kila mmoja ana kazi yake.

Wa kwanza ni kiwavi wa jeshi wa zamani, Spodoptera exempta. Ni mwenyeji wa Afrika tangu mwanzo. Anakuja miaka mingine, makundi makubwa, mweusi, anatembea juu ya inchi mchana kama askari. Chakula chake ni jamaa ya nyasi na ndago tu: muhindi, mtama, ulezi, mpunga, miwa, na majani ya malisho. Maharagi, pamba na muhogo hawali. Akiingia katika muhindi wako, usiogope kwa ajili ya maharagi yaliyo kando.

Wa pili ni kiwavi wa bua, Busseola fusca. Yeye anatoboa bua la muhindi na la mtama na kukaa ndani. Wenyeji wake ni wachache: muhindi, mtama, na nyasi chache nene. Katika kiangazi analala ndani ya mabua makavu yaliyoachwa shambani, akingoja mvua. Kwa hiyo mkulima anayeondoa mabua makavu anamwua kiwavi wa bua katika usingizi wake.

Wa tatu ni kiwavi wa pamba, Helicoverpa armigera. Yeye kama kiwavi mgeni ana wenyeji wa jamaa nyingi: pamba, nyanya, alizeti, tumbaku, maharagi, mbaazi. Muhindi pia anaula, lakini anapenda nywele na ncha ya hindi kuliko moyo wa majani. Anapenda maua na matunda.

Sasa linganisheni. Kiwavi wa bua analala katika bua kavu. Kiwavi mgeni hana usingizi wa kiangazi. Hawezi kungoja mvua bila kula. Mkulima akichoma mabua makavu yote, atamwua wa bua. Kiwavi mgeni hatamwona hata mmoja ndani yake. Neno hili ndilo linalotuleta kwenye ulizo kubwa la somo.

7. Katika kiangazi anakula wapi?

Mvua inakwisha mwezi wa nne. Muhindi unakauka, unavunwa. Inchi inakuwa nyekundu na kavu mpaka mwezi wa kumi. Lakini muhindi mpya ukiota katika mwezi wa kumi na mbili, kiwavi amekwisha kufika. Alikaa wapi miezi hiyo yote, naye hana usingizi?

Alikaa mahali penye kijani. Tembea katika kiangazi nawe utapaona mwenyewe.

Kwanza, mabondeni. Watu wanapanda muhindi kando ya maji wapate mahindi mabichi ya kuuza mjini. Muhindi huu wa bondeni ni nyumba yake kubwa ya kiangazi. Kizazi kimoja kinakwisha, kingine kinaanza.

Pili, muhindi na mtama uliojiotea wenyewe, kutoka punje zilizoanguka wakati wa mavuno au mahali pa kutwangia.

Tatu, miwa, matete na nyasi za kando ya mito.

Nne, bustani za mboga zinazonyweshwa maji karibu na muji.

Tano, inchi za mbali. Kwa kuwa anaruka mbali, anaweza kutoka mahali penye mvua na kuja na upepo.

Mimea hii ya kiangazi ni kama daraja. Upande mmoja wa mto ni muhindi wa mvua iliyopita. Upande wa pili ni muhindi wa mvua inayokuja. Katikati ni kiangazi, ambacho kiwavi hawezi kukipita kwa kuogelea. Akikuta daraja, anapita. Hatuwezi kuvunja daraja lote, kwa maana mboga na mahindi ya bondeni ni chakula chetu na fedha yetu. Lakini tunaweza kulifanya kuwa jembamba.

8. Kazi ya kufanya

(a) Kiangazi. Yeye aliye na muhindi bondeni autazame kila juma, aponde mayai na viwavi. Akiisha kuvuna mahindi mabichi, asiache mabua ya kijani yasimame mpaka mvua. Ayang'oe, awape mbuzi au ng'ombe. Muhindi uliojiotea mjini na mashambani ung'olewe na watoto. Kazi hii inafaa kufanywa na mji wote siku moja, kwa sababu kipepeo hajui mpaka wa shamba la mtu.

(b) Kupanda. Pandeni mvua ya kwanza ikisimama vema, na jirani wote wapande katika siku zilizo karibu. Anayepanda mwezi mmoja nyuma ya wengine anaandaa chakula cha kizazi cha pili, ambacho ni kikubwa kuliko cha kwanza. Vipepeo vinavyotoka katika muhindi wa mwanzo vinatafuta muhindi mchanga, navyo vinaukuta kwake.

(c) Kupalilia. Nyasi katikati ya muhindi ni wenyeji wa njaa. Mashariki ya Zimbabwe wenye elimu walipima mashamba ya wakulima, na habari zao zilitoka mwaka wa 2019. Waliona kama mashamba yaliyopaliliwa mara nyingi yalikuwa na kiwavi kidogo kuliko mengine. Basi jembe ni dawa, tena haliuzwi kwa chupa. Lakini palilia mapema. Ukingoja nyasi ziwe kubwa na viwavi wengi ndani yake, ukizikata watahamia katika muhindi.

(d) Kuchanganya mimea. Hapa mtasema: «Mwalimu, umesema maharagi na karanga ni wenyeji wake. Namna gani tuzipande katika muhindi?» Ulizo hili ni jema. Kumbukeni mafungu matatu. Maharagi na karanga ni wenyeji wa njaa. Penye muhindi kipepeo hazitafuti. Lakini harufu na majani yake yanamchanganya akitafuta muhindi, tena yanaficha nyigu, chungu na wadudu wengine wanaomla kiwavi. Katika Uganda ilionekana kama muhindi uliopandwa pamoja na maharagi, soya au karanga ulipata kiwavi kidogo kuliko muhindi wa peke yake, hasa kabla ya kutoa ua la juu. Tena maharagi yanatoa chakula. Lakini maboga hayakufanya hivi. Katika mashamba yale ya Zimbabwe, muhindi uliochanganywa na maboga uliharibika zaidi. Basi maboga yapandwe mahali pake, kando.

(e) Kusukuma na kuvuta. Kuna desturi ya kupanda jani liitwalo desmodiumu katikati ya mistari ya muhindi, na jani liitwalo brakiaria kuzunguka shamba. Desmodiumu inatoa harufu ambayo kipepeo anaichukia; brakiaria inamvuta nje. Kiwavi anayezaliwa juu ya brakiaria hakui vema, wengi wanakufa. Basi brakiaria ni mwenyeji wa uongo: anakaribisha, halishi. Mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania yaliyopimwa, habari zake zikaandikwa mwaka wa 2018, yalionyesha kama viwavi walipungua kadiri ya 83 katika kila 100, na muhindi ulioharibika ulipungua kadiri ya 87 katika kila 100. Majani yote mawili ni malisho mazuri ya ng'ombe na mbuzi. Ukipata mbuto zake, anza na kipande kidogo.

(f) Mikono. Tangu muhindi ukiwa na majani matatu, pita mara mbili kila juma asubuhi. Mayai uyaponde kwa vidole. Kiwavi mtoe katika moyo wa muhindi, umwue. Wakulima wengi wanatia mchanga au majivu kidogo katika moyo wa muhindi ulioingiliwa. Kuku nao wanawafurahia viwavi waliotupwa chini.

9. Hesabu kabla ya kununua dawa

Dawa ya chupa ni fedha, tena ni sumu. Usinunue kwa hofu. Hesabu kwanza.

Ingia shambani, simama mahali pa kwanza, tazama muhindi 20 mmoja baada ya mwingine. Kisha nenda mahali pa pili, pa tatu, pa nne na pa tano, namna ile ile. Usichague, usitazame kando ya njia tu. Umekwisha kutazama muhindi 100. Hesabu ile yenye alama mpya ya kiwavi katika moyo.

Muhindi ungali mdogo: kama ni chini ya 20 katika 100, endelea na mikono. Kama ni 20 au zaidi, kuna hatari.

Muhindi umekuwa mkubwa lakini haujatoa ua la juu: ngoja mpaka 40 katika 100.

Muhindi umetoa ua: usipige dawa tena. Kiwavi amejificha ndani ya hindi, dawa haimfikii, na sumu inabaki karibu na chakula chako.

Sababu gani tunasema ngojeni? Kwa sababu majani yaliyotoboka yanatisha macho kuliko yanavyopunguza mavuno. Kiwavi alipofika Afrika, mwaka wa 2017 walikadiri kama inchi 12 za Afrika, Kongo ikiwa moja yao, zingeweza kupoteza kila mwaka tani milioni 8.3 mpaka milioni 20.6 za mahindi, kama watu hawangefanya kitu. Makadirio haya yalitoka katika maneno ya wakulima walioulizwa. Baadaye mashamba yalipimwa. Katika Zimbabwe muhindi ulioingiliwa ulikuwa 32 mpaka 48 katika 100, lakini mavuno yalipungua kadiri ya 12 katika 100 tu. Muhindi wenye nguvu, uliopandwa mapema katika udongo uliolishwa mboji au mbolea, unatoa majani mengine na kuendelea. Hasara ya 12 katika 100 ni hasara. Si mwisho wa shamba. Lakini muhindi mchanga ukiliwa moyo wote unakufa. Ndiyo sababu hesabu ya muhindi mchanga ni kali kuliko ya muhindi mkubwa.

Ukilazimika kupiga dawa, muulize moniteri wa mashamba dawa ipi ina ruhusa. Piga jioni, ukitia katika moyo wa muhindi, si juu ya shamba lote. Funika mdomo na mikono. Usipige karibu na maji yenye samaki. Chupa iliyokwisha isitiwe maji ya kunywa wala mafuta. Tena viwavi waliookotwa shambani au karibu na shamba lililopigwa dawa wasiliwe.

10. Mambo yasiyofaa

Watu wengine wanasema: «Tuchome pori lote, kiwavi atakufa.» Kumbukeni mama wa mwanzo wa somo. Kiwavi mgeni hakai juu ya miti mikubwa ya pori. Viwavi wanaokaa kule ni wale wa kula. Moto unawaua hao, na kuua nyigu wanaotaga ndani ya kiwavi mgeni, na kipepeo chake kinaruka kwenda bondeni penye muhindi wa kijani. Mmepoteza chakula na kumwacha mwizi.

Wengine wanasema kiwavi ametoka ndani ya mbuto zilizogawanywa. Sivyo. Anatoka katika mayai ya kipepeo, na kipepeo anatoka mbali na karibu. Mbuto njema msizitupe.

Wengine wanasema: «Tuache kupanda muhindi kabisa.» Mkifanya hivyo, kiwavi ataingia kwa mtama wenu, nanyi hamtakuwa na bukari ya muhindi. Pandeni muhindi, pandeni maharagi na karanga katikati yake, pandeni muhogo kando, nanyi mtapita mwaka.

MAULIZO

1. Mwenyeji wa kiwavi maana yake nini?
2. Alama gani mbili zinamtambulisha kiwavi mgeni?
3. Taja wenyeji wawili anaowapenda, na wenyeji wa njaa watano.
4. Umeona mayai juu ya jani la mmea fulani. Utafanya nini kabla ya kusema kama ni mwenyeji wake?
5. Sababu gani kuchoma mabua makavu kunamwua kiwavi wa bua, lakini si kiwavi mgeni?
6. Muhindi wa bondeni unaitwa daraja. Eleza.
7. Karanga zimo katika hesabu ya wenyeji. Sababu gani tunazipanda katika muhindi?
8. Umetazama muhindi 100 wenye urefu wa goti. 14 una alama mpya ya kiwavi. Utanunua dawa au hutanunua?

KAZI YA SHAMBANI

Katika kiangazi, kila mwanafunzi azunguke mji pamoja na wenzake na kuandika mahali pote penye muhindi wa kijani, miwa, matete na bustani. Wafungue moyo wa muhindi 20 katika kila mahali na kuhesabu viwavi. Wapeleke hesabu kwa mkubwa wa mji na kwa moniteri kabla ya mvua ya kwanza. Hapo mji utajua kiwavi anapokaa, nao utamwendea yeye kabla yeye hajaja kwao.